Seneta wa North Carolina na Bara la Afrika

Imekuwa desturi katika nchi zetu, kila jina la Marekani linapotajwa, watu kuuliza habari za Rais wake tu. Aliyeingia ni nani, ametoka chama gani, atatutendea nini? Desturi hiyo si mbaya, lakini ina upungufu mkubwa. Fedha za Marekani hazitolewi mpaka Bunge lake lipige kura, wala balozi wa Marekani hafungi safari mpaka Baraza la Senati limkubali. Basi mtu mmoja aliyeketi katika Baraza hilo, ambaye wengi wetu hatujapata hata kulisikia jina lake, aweza kulizuia jambo lililo maelfu ya maili kutoka kwake, na Rais asiwe na la kumfanya.

Mtu wa namna hiyo alikuwa Bwana Jesse Helms, Seneta wa jimbo la North Carolina tangu Januari 1973 mpaka Januari 2003. Alifariki tarehe 4 Julai, 2008, siku ya kuadhimisha uhuru wa nchi yake, akiwa na umri wa miaka 86. Wahafidhina wa Marekani humhesabu kuwa mmoja wa wazee wao. Watu Weusi wengi wa nchi hiyo humkumbuka kwa namna nyingine. Sisi nasi tunayo sababu yetu ya kulifungua daftari lake, kwa kuwa ndani yake mna kurasa zinazohusu Zimbabwe, Msumbiji, Afrika ya Kusini, na hospitali za nchi hizi hizi za Afrika ya Mashariki.

Alizaliwa mwaka 1921 katika mji mdogo wa Monroe, ambako baba yake alikuwa mkuu wa polisi na wa zimamoto. Siku hizo miji yote ya Kusini ilikuwa imegawanywa kwa rangi: shule mbali mbali, mabomba ya maji mbali mbali, hata makaburi. Yafaa kukumbuka kwamba mji huo huo ulimzaa Bwana Robert Williams, yule mtetezi wa haki za Weusi aliyeikimbia Marekani mwaka 1961, akakaa Cuba na China, na mwaka 1968 akafika Dar es Salaam. Bwana Williams alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alimwona mkuu huyo wa polisi akimpiga mwanamke Mweusi barabarani na kumburuta kwenda naye jela. Watoto wawili wa mji mmoja, wenye kupishana miaka michache tu: mmoja alijifunza kwamba utaratibu ule ni amani, na wa pili alijifunza kwamba ni vita.

Bwana Helms hakuanza kwa siasa. Alikuwa mwandishi wa habari, kisha mtangazaji wa redio. Mwaka 1950 alimuunga mkono Bwana Willis Smith, aliyekuwa akigombea kiti cha Senati dhidi ya Bwana Frank Graham, aliyepata kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha jimbo hilo na mtu wa mawazo ya kuelewana na Weusi. Kampeni ile iliwatia Wazungu hofu kwamba Graham angewachanganya wao na Weusi. Smith alishinda, na Helms akaenda naye Washington kuwa msaidizi wake. Hapo ndipo alipoona kwa macho yake kwamba hofu ni mtaji, na kwamba mtaji huo hauhitaji fedha nyingi.

Tangu 1960 hata 1972 alizungumza katika televisheni ya WRAL ya mji wa Raleigh, dakika chache kila siku ya kazi. Maneno yake yapata 2,700 yalisomwa hewani, na mengine yakapigwa chapa magazetini. Alimshambulia Dokta Martin Luther King, akazipinga sheria za haki za raia za 1964 na 1965, akawakaripia walimu na wanafunzi wa chuo kikuu. Twasisitiza jambo hili kwa sababu sisi nasi ni watu wa kalamu, na twajua nguvu ya neno linalorudiwa kila siku kwa muda wa miaka kumi na miwili. Alipokwenda kuomba kura mwaka 1972, baada ya kukihama chama cha Democratic na kuingia Republican, hapakuwa na haja ya kumjulisha kwa watu. Mpinzani wake alikuwa Bwana Nick Galifianakis, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki. Na tangazo la Bwana Helms likasema kwamba Jesse ni mmoja wetu. Maana yake ilieleweka bila kufafanuliwa. Alishinda, akawa Mrepublican wa kwanza wa jimbo hilo kuchaguliwa na wananchi kuingia Senati.

Huko Senati alipata jina la Seneta Hapana. Alikataa kodi, alikataa fedha za chakula kwa maskini, alikataa mikataba, alikataa mabalozi. Alizijua kanuni za Baraza kuliko wengi waliomtangulia, na alijua kwamba seneta mmoja akikazana aweza kulikalisha Baraza zima usiku kucha. Alijenga pia chombo cha kukusanya fedha kwa barua, akiwaandikia watu wa kila pembe ya Marekani na kupokea michango midogo midogo ambayo ikikusanywa ilikuwa mamilioni. Na mwaka 1976, Bwana Ronald Reagan alipokuwa ameshindwa mara kwa mara katika kumtafuta mgombea wa chama chao, ni Bwana Helms na watu wake waliomwezesha kushinda North Carolina na kuendelea na mbio. Lau Reagan angeanguka pale, huenda historia ya 1980 ingekuwa nyingine.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye Seneta Hapana hakumwambia hapana hata siku moja, naye ni mkulima wa tumbaku. Serikali ya Marekani ilikuwa na utaratibu wa kulinda bei ya zao hilo, na Bwana Helms, aliyesema kwamba serikali isiingilie biashara za watu, aliulinda utaratibu huo kwa meno na kucha. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka 1984, katika uchaguzi mkali dhidi ya Gavana Jim Hunt, aliwaahidi wakulima kwamba ataendelea kuwa mwenyekiti wa Halmashauri ya Kilimo. Akashinda kwa tofauti ndogo, na akalazimika kulitimiza neno lake, ijapokuwa kiti cha Halmashauri ya Mambo ya Nchi za Nje kilikuwa wazi na alikuwa na haki nacho. Kiti hicho kikaenda kwa Bwana Richard Lugar wa Indiana. Tutaona punde tumbaku ile ilivyotusaidia sisi Waafrika bila mwenyewe kukusudia.

Mwezi Oktoba 1983 Baraza la Senati lilikuwa likijadili sheria ya kuifanya siku ya kuzaliwa kwa Dokta King kuwa sikukuu ya taifa. Bwana Helms alisimama kuipinga, akaleta bunda la karatasi yapata mia tatu la kutaka kuonyesha kwamba marehemu alishirikiana na makomunisti. Seneta Moynihan wa New York aliitupa nakala yake sakafuni kwa hasira. Sheria ikapita kwa kura 78 dhidi ya 22. Miaka saba baadaye, 1990, Bwana Helms alikabiliwa na Bwana Harvey Gantt, Mtu Mweusi aliyekuwa meya wa Charlotte. Katika siku za mwisho ilionyeshwa katika televisheni picha ya mikono ya Mzungu ikiikunja barua ya kunyimwa kazi, na sauti ikisema kwamba kazi ile imepewa mtu wa kabila dogo kwa ajili ya hesabu za rangi. Kadhalika watu wa kampeni yake na chama cha jimbo walipeleka kadi 125,000, nyingi kwa wapiga kura Weusi, za kuwatisha juu ya kujiandikisha. Jambo hilo lilifikishwa mahakamani na Wizara ya Sheria, likamalizika kwa mapatano mwaka 1992. Lakini kiti alikuwa amekwisha kukipata.

Wako wasemao kwamba Bwana Helms hakuwa mbaguzi, kwa kuwa alimwajiri Bwana James Meredith, yule Mtu Mweusi wa kwanza kusoma Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962. Ni kweli alimwajiri. Vile vile wapiga kura wake, Weupe kwa Weusi, walisema kwamba mtu akimwandikia barua juu ya pensheni au hati ya kusafiria, hujibiwa upesi na kusaidiwa. Hatuyakatai hayo. Lakini mtu wa siasa hupimwa kwa sheria anazozitaka na zile anazozizuia. Ukarimu wa ofisini ni wema wa mtu kwa mtu, haubadili hesabu ya kura. Na mwaka 1993, alipotaka Senati iendelee kuilinda kisheria nembo yenye bendera ya majimbo yaliyojitenga mwaka 1861 kwa ajili ya utumwa, alikuwa karibu kufanikiwa, 52 kwa 48. Ndipo aliposimama Bibi Carol Moseley Braun wa Illinois, Mweusi pekee katika Baraza zima, akazungumza kwa uchungu mpaka wenzake wakapiga kura upya. Hesabu ikageuka: 75 walikataa, 25 walikubali.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1978 Bwana Ian Smith alifanya mapatano ya ndani na Askofu Muzorewa ili kuwaweka kando wapigania uhuru wa Zimbabwe. Bwana Helms akawa mstari wa mbele katika Bunge la Marekani kutaka vikwazo vya uchumi viondolewe. Rais Carter alikataa mwaka 1979. Septemba ya mwaka huo ulipofunguliwa mkutano wa Lancaster House, London, wasaidizi wawili wa Bwana Helms walionekana huko, na Waingereza wakalalamika kwa serikali ya Marekani kwamba watu hao wanawapa moyo wakaidi wa upande wa Smith wasiyakubali masharti. Fikirini, wasomaji. Mwalimu Nyerere na viongozi wenzake wa nchi zilizo mstari wa mbele walikuwa wakiwabembeleza wapiganaji waliopoteza ndugu wengi wakubali kuketi mezani. Bwana Carrington alikuwa akihesabu siku. Na huku watumishi wa seneta wa jimbo la tumbaku wanapita vyumba vya hoteli wakinong'ona kwamba subirini, mtapata mapatano bora zaidi. Mkutano ulimalizika Desemba, na Zimbabwe ikapata uhuru wake Aprili 1980. Laiti ule mnong'ono ungesikilizwa, vita ingeliendelea, na waliokufa katika miezi hiyo wasingekuwa watu wa North Carolina.

Kwa Msumbiji ilikuwa vivyo hivyo. Renamo, iliyoanzishwa kwa mkono wa Rhodesia na baadaye kulelewa na Makaburu, ilikuwa ikichoma shule na kuua wanakijiji. Bwana Helms alitaka serikali yake ishirikiane nayo kama chama cha wapigania uhuru. Rais Reagan alipomteua Bibi Melissa Wells kuwa balozi wa Maputo, Bwana Helms alimzuia kwa muda wa miezi kumi na zaidi. Senati ilimpitisha Septemba 1987, kwa kura 64 dhidi ya 24. Twataka ieleweke kwamba hapo alikuwa anampinga Rais wa chama chake mwenyewe, rafiki yake aliyemsaidia 1976. Alikuwa pia miongoni mwa waliopigania kufutwa, mwaka 1985, ile sheria iliyokataza silaha za Marekani kupelekwa kwa Bwana Savimbi wa Angola.

Hatimaye ikaja Afrika ya Kusini. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuiwekea vikwazo serikali ya ubaguzi. Rais Reagan akaipiga kura ya turufu. Ili kuishinda turufu hiyo zilihitajiwa theluthi mbili za kila Baraza. Kabla ya Senati kupiga kura yake, Bwana Helms aliwaunganisha kwa simu baadhi ya maseneta wa majimbo ya wakulima na Bwana Pik Botha, waziri wa mambo ya nje wa Makaburu, naye akawaonya kwamba vikwazo vikipita Afrika ya Kusini haitanunua nafaka zao. Waziri wa nchi ya kigeni akiwatisha wabunge wa Marekani siku moja kabla ya kura, na mshika simu ni Mmarekani mwenzao! Bwana Lugar, Mrepublican na mhafidhina vile vile, alikasirika, akalisema jambo hilo hadharani. Tarehe 2 Oktoba, 1986, turufu ilishindwa kwa kura 78 dhidi ya 21. Je, nani alikuwa mwenyekiti wa Halmashauri ya Mambo ya Nchi za Nje siku hiyo? Bwana Lugar. Na Bwana Helms alikuwa ameketi katika Kilimo, akiilinda tumbaku kama alivyoahidi.

Twalitaja jina la Bwana Lugar kwa makusudi. Wako wenzetu wadhanio kwamba kila mhafidhina wa Marekani ni adui wa Afrika na kila mwenye kujiita mpenda maendeleo ni rafiki. Daftari la 1986 lakanusha. Wahafidhina wengi walipiga kura pamoja na Lugar. Kupenda kodi ndogo na serikali ndogo hakukumlazimisha mtu kupenda ubaguzi. Bwana Helms alichagua.

Kiti cha Nchi za Nje alikipata mwaka 1995, akakikalia mpaka 2001. Alitaka idara ya misaada, USAID, ivunjwe pamoja na idara nyingine mbili na kazi zake ziingizwe katika Wizara ya Nchi za Nje. Idara zile mbili zilivunjwa kweli mwaka 1999, lakini USAID ilinusurika. Akaushika Umoja wa Mataifa kwa deni. Yeye na Bwana Joseph Biden, aliyekuja kuwa Rais baadaye, walipatana mwaka 1999 kwamba Marekani italipa dola milioni 926 za malimbikizo iwapo Umoja utarekebisha mambo yake na kuipunguzia Marekani mchango. Januari 2000 alilihutubia Baraza la Usalama, mbunge wa kwanza wa Marekani kufanya hivyo, akasema wazi kwamba Wamarekani hawatakubali Umoja uwe juu ya serikali yao. Mwezi huo, kwa bahati, Baraza lilikuwa limeutenga kwa matatizo ya Afrika.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa miaka mingi Bwana Helms alikuwa adui mkubwa wa fedha za kuwasaidia wagonjwa wa Ukimwi. Mwaka 1987 aliandika kifungu cha kuzuia fedha za mafunzo ya kujikinga zisiende kwa vyama vya mashoga, na kingine kilichowazuia wenye virusi kuingia Marekani, ambacho athari yake haikuondolewa mpaka 2010. Lakini mwaka 2002, mzee wa miaka 80 aliyekuwa mgonjwa na karibu kustaafu, alisimama mbele ya mkutano wa Wakristo jijini Washington akasema anaona haya kwa kuwa hakufanya zaidi juu ya Ukimwi duniani. Mwezi Machi aliandika gazetini kwamba ataomba dola milioni 500 za kuzuia virusi visitoke kwa mama kwenda kwa mtoto, hasa Afrika. Mwimbaji Bono na mhubiri Franklin Graham walikuwa wamemwendea mara kwa mara kumweleza habari za watoto hao.

Neno la Bwana Helms lilikuwa na uzito kwa sababu ya yale yote aliyoyakataa kabla. Seneta Hapana akisema ndiyo, hakubaki mhafidhina wa kuona haya kusema ndiyo. Juni 2002 Rais Bush alitangaza dola milioni 500 kwa ajili ya akina mama na watoto. Januari 2003 akatangaza mpango mkubwa wa dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Mei sheria ikatiwa sahihi. Miongoni mwa nchi za kwanza zilizochaguliwa zilikuwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na Msumbiji ile ile. Serikali ya Marekani imekadiria kwamba mpango huo umeokoa maisha ya watu milioni 25 duniani. Hatusemi kwamba kazi hiyo ni ya Bwana Helms. Ilikuwa na wazazi wengi. Twasema alifungua mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuegemea kwa miaka kumi na mitano. Wala hakuufungua wote, kwani juu ya wagonjwa wa kwao Marekani hakubadili sana maneno yake.

Wako wanaotaka toba ile ya 2002 ifute yaliyotangulia, na wako wanaotaka yaliyotangulia yaifute toba. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zinafanya haraka. Mtoto aliyezaliwa salama Mwanza au Kisumu kwa dawa zile ni mzima kweli, na mwanakijiji wa Msumbiji aliyeuawa na watu waliosifiwa Washington kuwa wapigania uhuru amekufa kweli. Hakuna hesabu ya kuwatoa hao kwa hao.

Linalotuhusu zaidi ni kazi iliyobaki. Katika mwaka wake wa kwanza Senati, 1973, Bwana Helms alipachika katika Sheria ya Misaada kifungu kinachokataza fedha za Marekani kulipia utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango. Marais wa vyama vyote viwili wamepita tangu wakati huo mpaka mwisho wa karne na baadaye, na wakuu wa kliniki zetu wanaopokea fedha hizo wamekuwa wakiipanga kazi yao kwa kukizingatia, wengi bila kujua ni nani aliyekiandika. Tarehe 20 Januari, 2025, misaada ya nje ya Marekani ilisimamishwa kwa amri ya Rais, na kliniki za Ukimwi katika nchi kadhaa za Afrika zikatikisika kwa wiki nyingi. Julai Mosi mwaka huo USAID iliacha kazi, na mabaki yake yakaingizwa katika Wizara ya Nchi za Nje, kama Bwana Helms alivyotaka miaka thelathini nyuma. Kifungu cha 1973 hakikuguswa.